Gesi ya maghalani ‘yaonekana’ Zuhura, darubini yarudishwa kwenye mizani

Mfanyabiashara wa mahindi anayehifadhi mzigo wake Tunduma au Namanga akisubiri bei ipande anaifahamu fosfini, hata kama jina hilo hajawahi kulisikia. Ni gesi inayotoka kwenye vidonge vya kufukizia nafaka. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa, gesi huanza kutoka taratibu, hupenya katikati ya magunia yaliyofunikwa kwa turubai na kuua wadudu waliojificha ndani ya punje. Ni sumu kali kwa binadamu pia, ndiyo maana ghala hufungwa na hakuna anayeruhusiwa kulala humo.

Septemba 14, 2020, katika mwaka ambao madereva wa malori walikuwa wakipimwa virusi vya korona mipakani, kundi la watafiti likiongozwa na Profesa Jane Greaves wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, lilitangaza kuwa limeona dalili za gesi hiyohiyo katika mawingu ya Zuhura, ile nyota angavu ambayo wasafiri wa alfajiri huiona kabla ya jua kuchomoza.

Kiasi walichokadiria kilikuwa kidogo mno: molekuli 20 za fosfini katika kila molekuli bilioni moja za hewa ya sayari hiyo. Hata hivyo habari ilizunguka dunia nzima kwa siku moja. Hapa duniani fosfini hutengenezwa viwandani, au hutokana na vijidudu vinavyoishi mahali pasipo na oksijeni, kama kwenye matope ya vinamasi. Zuhura haina viwanda. Watafiti hawakusema wamegundua uhai. Walisema wameona kitu ambacho kemia inayojulikana imeshindwa kukieleza.

Wiki chache baadaye, sehemu ya data iliyotumika iliondolewa kwenye hifadhi ya darubini ili isahihishwe. Tatizo lilikuwa lile ambalo kila anayenunua kwa kilo analijua: mizani haikuwa imesawazishwa sawasawa.

Wakiulizana kama Zuhura kuna fosfini au hakuna, wanasayansi walijikuta wanabishana kwanza juu ya swali jingine. Je, namba zinazotoka kwenye darubini zina uzito gani?

Darubini isiyotazama mwanga

Darubini zilizohusika hazipigi picha kwa mwanga unaoonekana kwa macho. Zinapokea mawimbi mafupi kuliko ya redio na marefu kuliko ya mwanga, yanayoitwa mawimbi ya submilimita kwa sababu urefu wake hauzidi milimita moja. Alama ya fosfini iliyotafutwa iko jirani kabisa na eneo hilo, kwenye urefu wa milimita 1.12, sawa na masafa ya gigahezi 267 hivi.

Darubini ya kwanza ni James Clerk Maxwell, yenye sahani ya mita 15, iliyoanza kazi mwaka 1987 juu ya mlima Mauna Kea katika visiwa vya Hawaii, Marekani, karibu mita 4,100 kutoka usawa wa bahari. Hii iliielekea Zuhura mwaka 2017. Ya pili ni ALMA, mkusanyiko wa antena 66 katika uwanda wa Chajnantor, jangwa la Atacama nchini Chile, mita 5,000 juu ya bahari. Hiyo iliitazama Zuhura mwaka 2019.

Vifaa hivyo vimepelekwa juu namna hiyo kwa sababu adui mkubwa wa mawimbi haya ni mvuke wa maji. Wanasayansi hupima mvuke huo kwa swali rahisi: kama mvuke wote ulioko angani juu ya kichwa ungegeuka maji na kumwagika, ungejaza kina cha milimita ngapi? Katika pwani yenye joto na unyevu jibu linaweza kufika milimita 50. Katika usiku mzuri Chajnantor au Mauna Kea, jibu ni milimita moja au pungufu.

Na hata hiyo milimita moja inatoza ushuru wake. Mauna Kea, usiku ukiwa mkavu, mawimbi ya mikromita 850 hufika chini yakiwa yamebaki kama nane ya kumi. Yale mafupi zaidi, ya mikromita 450, hubaki chini ya nne ya kumi. Unyevu ukiongezeka hadi zaidi kidogo ya maradufu, yale ya 850 hubaki kama sita ya kumi, lakini ya 450 hubaki kama sita kwa mia tu. Mzigo uliotoka angani ukiwa gunia 100 unafika ukiwa gunia sita, na mpokeaji anatakiwa aseme kwa uhakika zilitoka ngapi.

Kutoa uzito wa chombo

Kabla ya kupima asali, muuzaji mwaminifu hupima kwanza debe tupu. Darubini ya submilimita ina shida hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sababu anga lenyewe linang’aa. Mvuke uleule unaomeza mawimbi ya sayari unatoa mawimbi yake, na vifaa vya darubini navyo vinatoa yake. Mara nyingi mng’ao huo ni mkubwa kuliko ishara inayotafutwa mara elfu na zaidi. Ni kama kutaka kujua uzito wa pete ya dhahabu iliyoachwa ndani ya lori, kwa kulipima lori zima kwenye mizani ya barabarani.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo imetumika tangu miaka ya 1970. Mbele ya kipokezi huwekwa kipande cheusi chenye joto linalojulikana. Kipokezi husoma kipande hicho, kisha husoma anga tupu, kisha husoma sayari. Kipande hicho ndicho jiwe la mizani. Kwa kuwa joto lake linajulikana, tofauti kati yake na anga huonyesha kila alama ya kipokezi ina thamani gani, na kwa kiasi kikubwa hurekebisha pia kile kilichomezwa na hewa. Antena za ALMA zina vipande viwili vya aina hiyo, kimoja cha joto la kawaida na kingine kilichopashwa.

Njia ya pili ni kuupima mvuke wenyewe kila wakati. Molekuli za maji hutoa alama kali kwenye masafa ya gigahezi 183. ALMA imefunga kifaa cha kusoma alama hiyo kwenye kila moja ya antena zake kubwa za mita 12, kinachofuatilia mvuke unavyopita juu ya antena muda wote kazi inapoendelea. Uzito wa anga hautulii. Unapanda na kushuka upepo unapovuma, na vipimo vilivyochukuliwa saa mbili usiku havitoshi kwa kazi ya saa nne.

Kimo cha sayari nacho kina hesabu yake. Kitu kilicho nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho hutazamwa kupitia hewa nene mara mbili ya kile kilicho utosini. Zuhura, ambayo haiendi mbali na jua, mara nyingi hukutwa chini hukohuko.

Mawe ya mizani yaliyoko angani

Kipande cheusi kinaisahihisha mashine, lakini hakisemi lolote kuhusu sahani. Je, sahani inakusanya mawimbi yote yanayoigonga? Imeelekezwa pale hasa? Imepinda kidogo kwa joto la mchana?

Sahani za aina hii zinatakiwa ziwe laini kwa kiwango cha mikromita 25 hivi, pungufu ya unene wa unywele. Jua likitua, chuma hupoa na kujinyoosha taratibu, hivyo vipimo vya jioni na vya asubuhi baada ya jua kuchomoza hutofautiana na vya katikati ya usiku hata kama kinachotazamwa hakijabadilika. Watumiaji wa darubini ya Hawaii wamelazimika kuweka kiwango tofauti cha marekebisho kwa saa hizo.

Ili kujua hali ya sahani, hutazamwa kitu kilichoko angani ambacho mng’ao wake unajulikana. Sayari za Mirihi, Uranusi na Neptuni ndizo mawe makuu ya mizani. Zikikosekana, yapo mawe ya daraja la pili, kama mawingu ya vumbi yanayozunguka nyota fulani zinazokufa, ambayo yamepimwa mara nyingi kwa kulinganishwa na sayari hizo.

Lakini jiwe la mizani nalo lazima lihakikiwe. Mng’ao wa Mirihi hubadilika kadiri inavyosogea karibu au mbali nasi, na vumbi la dhoruba zake hubadilisha joto lake. Uranusi imetulia zaidi, ila mng’ao wake hukadiriwa kwa hesabu za joto la hewa yake, na hesabu hizo zikirekebishwa, kila kitu kilichopimwa kwa kuilinganisha nayo lazima kirekebishwe pia. Mnyororo huo ni mrefu: jiwe hupimwa kwa jiwe jingine, hadi kufika kwenye jiwe ambalo wote wamekubaliana.

Ndiyo maana ALMA, pamoja na ukubwa wake, haiahidi namba kamili. Mwongozo wake unawaambia watumiaji wategemee kosa la mng’ao la takriban asilimia 5 kwenye mawimbi marefu, na hadi asilimia 20 kwenye mawimbi mafupi kabisa. Mfanyabiashara anayeambiwa gunia lina kilo 100, zaidi au pungufu ya 20, angeondoka. Mtafiti wa anga hubaki, kwa sharti kwamba kiwango hicho cha kosa kimeandikwa wazi pembeni ya namba.

Mizani elfu katika mstari mmoja

Kosa la Zuhura halikuwa la aina hiyo. Lilitokea mahali pembamba zaidi.

Ili kutambua gesi, darubini haipimi mng’ao wa jumla tu. Huyagawa mawimbi katika maelfu ya vijia, kila kijia kikipokea masafa yake, kama mizani elfu zilizopangwa kwenye mstari mmoja. Gesi ikiwepo, itameza mawimbi kwenye masafa yake maalumu, na mizani chache katikati ya mstari zitaonyesha pungufu kidogo kuliko jirani zake. Bonde hilo dogo ndilo alama ya gesi.

Bonde la fosfini lililotafutwa lilikuwa na kina cha sehemu moja au mbili tu kati ya 10,000 za mng’ao wa Zuhura. Kwa hiyo mizani zote elfu zinatakiwa zikubaliane kwa kiwango kidogo kuliko hicho. Moja ikilegea kwa sehemu moja katika elfu, itatengeneza bonde la uongo lenye kina kuliko la kweli.

Mizani hizo husawazishwa kwa kutazama kitu kingine angavu ambacho mng’ao wake ni laini na hauna mabonde. Kila kijia kinachoonyesha tofauti hapo kinajulikana kuwa na kasoro, na kasoro hiyo huondolewa kwenye data ya sayari. Hatua hii ikikosewa, kosa halibaki kwenye jiwe la mizani. Linahamia kwenye mzigo.

Zuhura iliongeza ugumu kwa kuwa inang’aa mno na ni pana. Mng’ao wake hugonga sehemu za kifaa na kurudi, ukiacha mawimbimawimbi kwenye data, mfano wa uso wa maji ndani ya ndoo iliyotikiswa. Ili kuyaondoa, watafiti walichora mstari unaopindapinda kufuata mawimbi hayo, kisha wakautoa. Kwa data ya ALMA walitumia mstari wa kihesabu wa daraja la 12, yaani wenye uhuru wa kupinda mara nyingi.

Hapo ndipo wenzao waliposimama. Mhasibu aliyeruhusiwa kuweka marekebisho 12 kwenye daftari anaweza kuifanya hesabu yoyote ikubali. Mwishoni mwa 2020, kundi la watafiti wa Leiden, Uholanzi, lilirudia hesabu kwa njia hiyohiyo, lakini likatafuta pia mabonde mahali ambapo hakuna gesi inayotarajiwa. Likayapata. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mstari huo unaweza kuzalisha alama kali zisizo na kitu nyuma yake.

Data yarudishwa mezani

Wakati ubishi huo ukiendelea, wataalamu wa ALMA waligundua kuwa hatua ya kusawazisha data ya Zuhura ilikuwa na kasoro yake yenyewe. Data iliondolewa kwenye hifadhi ya umma Oktoba 2020, ikachakatwa upya, na ikarudishwa Novemba.

Kundi la Profesa Greaves halikungoja kuumbuliwa. Lilirudia hesabu zake kwa data mpya na kutangaza matokeo mwezi huohuo: alama ya fosfini ilikuwa bado ipo kwa maoni yao, ila imefifia. Wastani wa sayari nzima ulishuka hadi takriban molekuli moja katika bilioni, kiasi cha moja ya saba ya walichokadiria awali kutokana na vipimo hivyo.

Wengine waliichukua data hiyohiyo iliyosahihishwa na kusema hawaoni chochote. Wengine tena walikubali kuwa bonde lipo, ila wakasema mwenyewe ni mwingine: salfa dioksidi, gesi ambayo imejaa Zuhura na ambayo alama yake iko karibu kabisa na ya fosfini. Kwa mizani isiyotulia, ni vigumu kutenganisha wawili waliosimama bega kwa bega.

Mwaka 2022, watafiti waliotumia SOFIA, darubini iliyobebwa na ndege juu ya sehemu kubwa ya mvuke wa dunia, walitangaza kuwa hawakuona fosfini, na kwamba kama ipo haizidi molekuli 0.8 katika bilioni. Kundi la Greaves lilichukua data hiyo nalo, likaisawazisha kwa namna yake, na likasema dalili zipo. Julai 2024, katika mkutano wa wanaastronomia wa Uingereza mjini Hull, watafiti wanaoendelea kuitazama Zuhura kwa darubini ya Hawaii walieleza kuwa wameiona tena alama hiyo. Mjadala haujafungwa.

Kilichobadilika ni utaratibu. Sasa Zuhura hutazamwa mara nyingi, kwa vifaa vipya, mawimbimawimbi ya kifaa hupimwa kabla ya kuondolewa, na hesabu hufanywa na watu tofauti bila kuangaliana.

Kupimana bila kuangaliana

Utaratibu huo una historia katika sayansi hii. Picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, iliyotolewa Aprili 10, 2019, ilitokana na darubini kadhaa za mawimbi ya milimita 1.3, zikiwemo hizo mbili za Hawaii na Chile, zilizounganishwa kama moja. Data ilisawazishwa kwa njia zaidi ya moja, na timu nne zikatengeneza picha kila moja peke yake, bila kuonana, kabla ya kulinganisha. Zote zilileta pete.

Afrika bado haina kituo katika mtandao huo. Upo mpango wa kujenga darubini ya milimita nchini Namibia, unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi na Chuo Kikuu cha Namibia. Ikikamilika, vijana wa bara hili watakuwa na kazi ileile ya kila usiku: kupima hewa, kupima kipande cheusi, kuitazama Uranusi, na kuandika namba pamoja na kosa lake.

Kwa anayeishi kwa mizani, habari ya Zuhura haina ugeni mkubwa. Mzigo ukipimwa Tunduma ukaonyesha uzito mmoja, na ukavuka ukapimwa upande wa pili ukaonyesha mwingine, hakuna anayeanza kwa kumwita mwenzake mwizi. Kwanza huulizwa mizani ilihakikiwa lini, kwa mawe gani, na kama uzito wa gari tupu ulitolewa. Gunia hupandishwa tena, mbele ya wote.

Wanaotafuta fosfini kwenye mawingu ya Zuhura wako hapo. Gunia bado liko juu ya mizani.